INJINI MPYA NA BREKI ZA KALE

Wako watu wapitao barabarani katika magari yenye viyoyozi ambao, wakilikuta mbele yao lori la miaka 40 likipanda kilima kwa gia ya kwanza, husema kwa dharau kwamba chuma kile kingefaa kwenda kuyeyushwa. Sisi hatumo katika kundi hilo. Lori lile ndilo lililobeba saruji ya shule na bati za zahanati, na ndilo linaloshusha viazi vya Makete na ndizi za Rungwe mpaka sokoni. Mwenye kulidharau na atuambie kwanza ni nani atakayempa mwenyewe fedha za kununua jingine.

Leo twapenda kunena juu ya kazi moja ambayo mafundi wetu huifanya kila siku bila kusifiwa na mtu: kung'oa injini na giaboksi katika lori kuukuu la dizeli na kupachika nyingine mahali pake. Kazi hiyo twaitetea. Lakini mahali pengi inafanywa nusu, na ile nusu inayoachwa ndiyo inayohusu roho za watu.

Kwa nini injini ing'olewe? Jibu la kwanza ni kwamba chasi ya lori huishi kuliko moyo wake. Fremu ya chuma, kama haikupata kutu wala kupasuliwa na mizigo ya kupita kiasi, yaweza kumaliza injini tatu. Jibu la pili ni kwamba watengenezaji nao hufa. Bedford, lori ambalo babu zetu walilijua kuliko walivyojua jina la gavana, General Motors waliacha kulitengeneza mwaka 1986. Mtu mwenye Bedford ya dizeli ya lita 5.4, akitafuta leo bloku au kranki ya asili, atatafuta mpaka achoke. Lakini injini ya Isuzu 6BD1 ya lita 5.8, iliyotolewa katika gari lililokwisha kutumika Japani, huenda akaipata, pamoja na pistoni zake na gasketi zake. Basi hutazama mfukoni, hufanya hesabu, humwita fundi. Hapo hakuna ujinga wowote. Ni busara ya mtu asiye na kingi.

Busara hiyo haikuanza jana. Mnamo tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa uwongo, na Zambia ikakatiwa njia yake ya kusini. Mafuta ya Zambia yakaanza kupita kwetu, yakipakiwa katika mapipa juu ya malori, kutoka Dar es Salaam hadi mpakani Tunduma, safari ya zaidi ya kilomita 900 katika barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Wazungu waliiita Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta lilikuja mwaka 1968, na reli ya TAZARA ikakamilika katikati ya miaka ya 1970. Kabla ya hapo kazi ilikuwa mikononi mwa madereva na mafundi. Wengi wa mafundi hao walijifunza pembeni mwa barabara, chini ya lori lililokwama, kwamba kifaa cha gari hili chaweza kutumika katika gari lile ikiwa mtu atapima vizuri.

Kisha ikaja miaka ya dhiki. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mwaka uliofuata vita vya Kagera vikaanza, na malori mengi ya umma na ya watu binafsi yakaitwa kwenda kubeba askari na vyakula. Fedha za kigeni zikaadimika. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 malori yalikaa juu ya mawe kwa kukosa kifaa cha bei ya jozi moja ya viatu. Ndipo mafundi walipofanya mambo ambayo vitabu vya watengenezaji havikuyaota: injini ya trekta ikaingia katika lori, giaboksi ya kampuni moja ikashikamana na injini ya kampuni nyingine. Serikali yenyewe, kwa fikra hiyo hiyo ya kujitegemea, ilianzisha pale Kibaha kituo cha teknolojia ya magari cha Nyumbu mwaka 1985. Hatusemi kwamba kila kilichofanyika wakati ule kilikuwa kizuri. Twasema kwamba elimu hii ililipiwa kwa jasho, na haifai kuitwa ubabaishaji.

Tuingie sasa karakanani. Mtu asiyejua hudhani kwamba kubadili injini ni kufungua boliti, kunyanyua kwa mnyororo, na kuteremsha nyingine. Fundi anayejua hucheka. Injini na giaboksi ni mke na mume: hukutana katika flaiwili na klachi, na wasipopatana hapo nyumba nzima haina amani. Shafti inayoingia katika giaboksi lazima ilale katikati kabisa ya kranki. Ikiwa hausingi ya klachi imekaa upande kwa nusu milimita tu, jicho halioni, lakini beringi inaona. Lori litatoka karakanani likiimba vizuri. Baada ya miezi klachi itaanza kutetemeka, gia zitaruka, na mwenye lori atamlaumu dereva. Ndiyo maana fundi mwenye kujiheshimu hafungi bamba la kuunganishia lililokatwa kwa gesi na kusawazishwa kwa tupa. Hulipeleka kwa mkerezaji, akaligeuza katika mashine, kisha akalipima kwa kile kipimo chenye mshale kama saa, akiizungusha flaiwili kwa mkono polepole mpaka aridhike.

Kadhalika kuna mambo ambayo mtu huyaona madogo. Je, karata ya oili ya injini mpya haigongi ekseli ya mbele pale springi zinapobonyea? Je, umeme wa lori ni wa volti 24, na starta ya injini iliyonunuliwa ni ya volti 12? Je, meno ya shafti ya giaboksi yanalingana na meno ya sahani ya klachi? Je, propela shafti, ambayo sasa ni fupi au ndefu kuliko ya kwanza, imekatwa na kuchomelewa na mtu aliyeipima uzito wake isitetemeke? Na wale wanaotoboa tundu jipya juu ya bapa la chasi ili kufunga mikono ya injini, nani aliwaambia kwamba chuma kile hakijali? Chasi hupasukia pale pale penye tundu, na hupasuka siku ya mzigo mzito.

Hapa twataka kukaa kidogo juu ya hesabu, maana wako wanaodhani kwamba hesabu ni ya darasani na spana ni ya karakana.

Chukua lori lenye injini kubwa ya taratibu, ambayo mwisho wake ni mizunguko 1,800 kwa dakika. Difu yake ni ya uwiano wa 4.8, yaani propela shafti huzunguka mara 4.8 ili gurudumu lizunguke mara moja. Mzingo wa gurudumu tuseme ni mita 3.2. Kwa gia ya juu ambayo ni moja kwa moja, gurudumu litazunguka mara 375 kwa dakika, na lori litakwenda mita 1,200 kwa dakika, ambayo ni kilomita 72 kwa saa. Mwendo wa heshima. Sasa ng'oa injini hiyo, weka ndogo ya mbio yenye mwisho wa mizunguko 2,800, na giaboksi na difu uziache kama zilivyo. Lori lile lile sasa, likipata tambarare au mteremko wa kulisukuma, laweza kufika kilomita 112 kwa saa. Matairi ni yale yale, usukani ni ule ule uliolegea, breki ni zile zile. Na likifika kilimani, kwa kuwa injini ndogo haina nguvu ya kuvuta katika gia ndefu kama hiyo, litatambaa. Mwenyewe atanung'unika kwamba ameuziwa injini mbovu, kumbe injini ni nzima. Ni ndoa iliyofungwa bila kuuliza.

Geuza mfano. Lori lililojengwa kwa injini ya mbio, lenye difu ya 6.5, likiwekewa injini kubwa ya mizunguko 1,800, mwisho wake utakuwa kilomita 53 kwa saa, na litaunguruma njia nzima kutoka Morogoro hadi Iringa. Tena huko kuna hatari ya namna nyingine. Injini ya kwanza ilikuwa na nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 400. Ikipita katika gia ya kwanza yenye uwiano wa 7, kisha katika difu ya 6.5, huwa nyutoni-mita 18,200 zinazofika kwenye shafti za ekseli. Injini mpya ya nyutoni-mita 700, kwa njia ile ile, hupeleka 31,850. Shafti zilizochongwa kwa ajili ya mzigo wa kwanza hazikuambiwa habari hiyo. Ndipo mtu husikia mlio kama wa bunduki katikati ya mlima, na lori lenye shehena likaanza kurudi nyuma.

Kwa hiyo neno letu la kwanza ni kwamba injini, klachi, giaboksi, propela shafti na difu ni kitu kimoja, na abadilishaye kimoja hana budi kuvihesabu vyote. Mara nyingi ni afadhali kununua injini pamoja na giaboksi yake ya asili, zilizotoka katika gari moja, hata kama bei ni kubwa, kuliko kununua kila kimoja kwake na kuvilazimisha. Na ikiwa giaboksi ni ngeni, fundi aulize pia oili yake. Ziko oili kali za difu ambazo hula shaba ya ndani ya giaboksi nyingine kimya kimya, na mwenyewe hajui mpaka gia zianze kukataa kuingia.

Habari ya joto tutaipita upesi, ingawa imeua injini nyingi kuliko uzee. Katika injini ya dizeli, nguvu inayofika kazini ni zaidi kidogo ya theluthi moja ya ile iliyomo katika mafuta. Iliyobaki hutoka kwa moshi na kwa maji ya rejeta. Atakayeweka injini yenye nguvu zaidi, hasa yenye tabo, akabakiza rejeta ya zamani iliyojaa chumvi ya maji ya mtoni, asishangae kichwa cha injini kikipinda kabla ya mvua za mwaka ujao.

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu.

Kupanda mlima ni shauri la injini. Kushuka mlima ni shauri la nani? Tazama lori lenye uzito wa tani 20 pamoja na mzigo wake, likishuka mteremko unaoteremka mita 6 katika kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Mlima hulisukuma lori hilo kwa nguvu ambayo, hata ukiondoa msuguano wa matairi, ni karibu kilowati 110, yaani kama farasi 150. Nguvu hiyo lazima iende mahali fulani ili mwendo usizidi. Ikiwa yote itamezwa na breki za miguu, ni sawa na majiko 55 ya umeme, kila moja la kilowati 2, yaliyowashwa pamoja ndani ya dramu za magurudumu. Na mteremko wa kilomita 6 kwa mwendo huo huchukua dakika 9. Dramu hupanuka, lainingi huungua, harufu hupanda mpaka ndani ya kebini, na dereva akikanyaga hukuta mguu unazama bila kitu. Kama mwendo ni kilomita 80, mzigo huo wa joto huwa karibu mara mbili.

Madereva wa zamani walijua siri, nayo ni kuteremka kwa gia ile ambayo ungepandia, ili injini yenyewe ilizuie lori. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo kosa linapofanyika. Injini ya dizeli, kwa maumbile yake, haizuii sana mpaka iongezewe ile breki inayoziba bomba la moshi. Na nguvu ya kuzuia hufuata ukubwa wa injini na wingi wa mizunguko yake. Kwa mizunguko ile ile, injini ya lita 6 haiwezi kuzuia kama ilivyozuia injini ya lita 11. Mtu akiitoa ya lita 11 pamoja na breki yake ya moshi, akaweka ya lita 6 bila breki hiyo, hata kama ndogo hiyo ina tabo na farasi wengi kuliko ile kubwa, amelipa lori mabavu ya kupandia na kulinyang'anya mabavu ya kushukia. Karatasi ya muuzaji itaonyesha farasi wa kupanda tu. Wale wa kushuka hawaandikwi popote.

Tena kuna kompresa. Katika malori yenye breki za upepo, kompresa huendeshwa na injini. Injini iliyotoka katika lori dogo la breki za maji yaweza kuwa haina kompresa kabisa, au ikawa nayo ndogo isiyoweza kujaza matenki ya lori kubwa lenye tela. Tumekwisha kuelezwa habari za kompresa za kuazima, zilizofungwa pembeni kwa mkanda mmoja wa feni. Mkanda ule ukikatika, dereva ana upepo uliobaki ndani ya matenki na hana mwingine. Usukani wenye msaada wa pampu nao ni hivyo hivyo. Injini mpya isiyo na pampu hiyo humfanya dereva apigane na usukani kona nzima.

Ndugu zetu madereva hawana haja ya kufundishwa na gazeti maana ya Kitonga, au Sekenke, au ile miteremko ya Inyala kabla ya kuingia Mbeya. Wamezika wenzao. Na hawakufa madereva na utingo peke yao. Chini ya mteremko kuna mama anayeuza vitunguu, kuna basi lililosimama kushusha abiria, kuna watoto watokao shule. Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo.

Na bado kuna tamaa. Lori likipata injini yenye nguvu, mwenyewe huona kwamba sasa laweza kubeba zaidi, kana kwamba springi, ekseli na breki navyo vimezaliwa upya usiku mmoja. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Wako wanaoisoma sheria hiyo kama ruhusa. Si ruhusa, ni kikomo cha barabara, ili lami isivunjike. Kikomo cha lori lenyewe kiliandikwa na aliyelitengeneza, katika kibati kilichopigiliwa mlangoni, na kuibadili injini hakukibadili kibati. Lori laweza kupita mizani likiwa halali mbele ya sheria na haramu mbele ya breki zake.

Tutaambiwa: "Nyinyi waandishi mnasema tu. Mwenye lori moja, aliyekopa kwa mkwe wake ili anunue injini, atapata wapi fedha za breki na difu?" Ni swali la haki, na hatutalikwepa. Wenye malori makuukuu si matajiri wote. Wengine ni madereva wa jana waliodunduliza, wengine ni vyama vya ushirika vya wakulima, wengine ni wajane walioachiwa lori kama urithi pekee. Kuwapigia kelele kama tunavyowapigia mabwanyenye ni kukosa adabu. Hata hivyo twawauliza hao nao: deni la breki, kama hulipi wewe, analilipa nani? Limehamishwa tu kutoka mfukoni mwako likawekwa juu ya kichwa cha dereva unayemlipa kwa safari, na juu ya kijana wake anayelala juu ya mzigo. Yeye hakukopeshwa chochote. Fedha zikiwa chache, basi utaratibu ubadilike: zianze breki, lainingi mpya na dramu zilizochongwa sawasawa, kompresa na breki ya moshi, injini ifuate zitakapopatikana. Lori lenye injini dhaifu na breki nzima huchelewa kufika. Tumepata kusikia watu wakilalamika kwa kuchelewa, na malalamiko hayo twayaweza.

Kwa upande wa mafundi tuna shauri la namna nyingine. Huko Marekani, tangu Dodge walipoanza mwaka 1989 kuuza gari lao la mzigo lenye injini ya Cummins ya lita 5.9, watu wamekuwa wakiihamisha injini hiyo na kuiweka katika magari ya Ford na Chevrolet. Kazi ni ile ile ya Buguruni au ya Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi. Tofauti ni kwamba bamba la kuunganishia huuzwa dukani limekwisha kuchongwa, likiwa na maandishi ya vipimo vyake, na aliyefanya kazi huandika alichofanya, mwingine akasoma. Kwetu elimu hiyo imo vichwani mwa wazee wachache. Fundi akifariki, vipimo vyake hufa naye, na kijana huanza tena kukata bamba kwa gesi. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, imekuwa na mpango wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti bila kuwarudisha darasani. Mpango huo ni mzuri, na twataka kazi hii ya kubadili injini itajwe ndani yake kwa jina lake, ipimwe kwa kupima breki baada ya injini, na wazee wanaoijua waitwe kuwa wapimaji. Cheti hakimfanyi mtu kuwa fundi. Lakini fundi mwenye cheti ana ubavu wa kumwambia mwenye mali, "Hivi sifungi," na asifukuzwe kama mtoto.

Neno jingine ni la karatasi, nalo halipendwi. Kadi ya gari huandikwa namba ya chasi na namba ya injini. Injini ikibadilishwa na kadi isibadilishwe, lori hilo linatembea na jina la uwongo. Wengi hawaendi kuandikisha kwa sababu wanaogopa foleni na maswali, na hatuwezi kuapa kwamba woga huo hauna msingi. Lakini ajali itokeapo, kampuni ya bima hutazama namba kwanza na majeruhi baadaye. Mjane wa utingo atazungushwa mwaka mzima kwa sababu ya tarakimu zilizopigwa katika bloku ambayo mumewe hata hakuiona ikinunuliwa. Mamlaka zinazohusika nazo zingefanya vyema kuufanya uandikishaji huo kuwa mahali pa kukagua: anayekuja kuandikisha injini mpya aonyeshe lori lake, na mkaguzi atazame breki na kompresa kabla ya kutazama stakabadhi.

Vyama vya madereva na vya wafanyakazi wa usafirishaji visingoje sheria mpya. Yamo mambo yanayoweza kudaiwa kuanzia sasa, katika kila karakana na kila yadi. Lori lililobadilishwa injini lisikabidhiwe kwa dereva kwa kuwashwa tu na kusikilizwa mlio wake. Lipakiwe mzigo, lipelekwe mlimani, fundi aliyelifunga akae kitini kando ya dereva, lishuke kwa gia ya chini, lisimamishwe katikati ya mteremko na kushikwa kwa breki ya mkono, na wakifika chini washuke wote wawili waguse hewa inayotoka kwenye dramu na watazame kipimo cha upepo. Kisha fundi aandike katika karatasi, hata ya daftari la shule, uwiano wa difu, mwendo wa juu wa kila gia, na gia ya kushukia kila mlima wa njia ile. Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya kebini, mahali ambapo dereva wa zamu nyingine, asiyejua kwamba lori limebadilishwa, ataiona kabla hajaliwasha.